Kutoka ubaoni Tanga hadi uzamili wa hisabati: namna ya kujiandaa

Mwalimu mwenzangu, shule zikifunguliwa Januari huwa hawakosekani walimu wawili watatu wanaonifuata, wa Pongwe, wa Muheza, hata wa Korogwe, na swali lao ni lile lile: "Nina shahada yangu ya ualimu, nafundisha hesabu, sasa nataka uzamili wa hisabati yenyewe. Nianzie wapi?" Wengi wanataka kujua fomu zinatoka lini na ada ni kiasi gani. Ni maswali ya haki, na habari ya chuo na hela nitaifikia. Lakini katika niliosoma nao, aliyekwama kwa sababu ya fomu simkumbuki. Waliokwama walikwama darasani, wiki za mwanzo kabisa, kwa sababu walidhani wanaenda kufanya hesabu zile zile zilizoongezwa ugumu. Chuo cha uzamili hakikuulizi jibu ni ngapi. Kinakuuliza umejuaje.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa muda, kuanzia kama mwaka mmoja kabla ya kuondoka. Sehemu ya maandalizi ni ndefu kuliko nyingine, na nakuomba usiiruke.

Hatua ya 1: Amua ni uzamili upi

Watu huchanganya vitu vitatu. Kuna uzamili wa sayansi katika hisabati, ambako utakutana na uchambuzi wa namba halisi, aljebra dhahania, topolojia na ndugu zao. Kuna uzamili wa modeli za kihisabati au hisabati tumizi, ambako unachukua ugonjwa, maji, fedha au hali ya hewa na kuviandikia milinganyo inayoeleza vinavyobadilika. Na kuna uzamili wa elimu unaohusu ufundishaji wa hisabati. Huu wa tatu una heshima yake kamili, na kama moyo wako uko kwenye mitaala, ukaguzi au mafunzo ya walimu, chukua huo. Ila kama ndoto yako ni kufundisha kwenye idara ya hisabati ya chuo kikuu, au kuendelea hadi uzamivu wa hisabati, wa elimu hautakufikisha. Nimeona mtu amemaliza miaka miwili ndipo akagundua hivyo, akaanza upya.

Hatua ya 2: Isome transkripti yako kama ya mtu mwingine

Kwa vyuo vyetu, kigezo cha kawaida cha kuingia uzamili ni shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7 kati ya 5, yaani daraja la pili la chini kwenda juu. Kama uko chini ya hapo, uliza idara husika kabla hujalipa ada ya maombi.

Wastani ukishatosha, kazi bado. Sisi tuliosoma shahada ya sayansi na ualimu tuligawanywa: hisabati kidogo, somo la pili kidogo, saikolojia ya elimu, mitaala, mazoezi ya kufundisha. Mwenzako aliyesoma hisabati tupu ana kozi nyingi kuliko wewe. Chukua karatasi, orodhesha kila kozi ya hisabati uliyosoma, na mbele ya kila moja andika kwa ukweli: ningeletewa mtihani wake kesho asubuhi, ningepasi? Mimi nilifanya zoezi hili mezani kwangu Chumbageni, usiku, taa ikiwa ya kuchaji. Nilikuwa na kozi 12. Ambazo ningepasi zilikuwa 3. Niliumia, lakini karatasi ile ndiyo iliyonipa ratiba.

Hatua ya 3: Miezi sita ya kuthibitisha

Hapa ndipo penyewe. Unahitaji kurudia vitu vitatu, na kama muda ni mdogo usiongeze cha nne: aljebra ya vekta na matriksi, uchambuzi wa namba halisi, na milinganyo ya mabadiliko. Atakayekwenda kwenye hisabati tupu abadilishe hiyo ya tatu kwa aljebra ya makundi. Kwa vekta na matriksi, mihadhara ya Gilbert Strang imewekwa bure na MIT OpenCourseWare. Nilikuwa naipakua kwa bando la usiku, mhadhara mmoja mmoja, na kuitazama saa 11 alfajiri kabla ya kujiandaa kwenda shule. Saa moja na nusu kila alfajiri kwa miezi sita inakupa zaidi ya saa 200. Zinatosha, mradi unatumia kalamu. Kutazama peke yake ni kama kuangalia watu wakiogelea pale Raskazone ukadhani umejua kuogelea.

Nunua kaunta buku nene, na ukurasa wa kushoto uwe wa fasili, wa kulia uwe wa uthibitisho. Kila fasili iandike bila kutazama kitabu. Ukikosea neno moja, kama umeandika "kuna" mahali pa "kwa kila", futa uandike upya. Wengi huona hili ni jambo dogo. Ngoja nikuonyeshe kwa nini si dogo.

Sema maneno haya mawili: "Kila mlango una ufunguo wake." "Kuna ufunguo mmoja unaofungua kila mlango." Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba si kitu kimoja. Sentensi ya kwanza inasema ukinionyesha mlango nitakutafutia ufunguo. Ya pili inasema nina ufunguo mfukoni tayari, hata kabla hujanionyesha mlango. Sasa, sehemu kubwa ya uchambuzi wa namba halisi inasimama kwenye tofauti hiyo hiyo, ila imevaa alama za Kigiriki na watu wanaogopa.

Chukua fomula tunayofundisha kila siku, y = x². Grafu yake haikatiki popote, ukiichora kalamu hainyanyuki. Kwa lugha ya hisabati, popote utakaposimama, ukinipa kosa unaloruhusu kwenye y, nitakupa hatua ndogo kwenye x ambayo haitalifanya badiliko la y lizidi kosa hilo. Kila mlango una ufunguo wake. Swali gumu zaidi ni hili: je, kuna hatua moja inayofaa kila mahali kwa mpigo?

Jaribu kwa namba kwanza. Simama kwenye 1, sogea 0.01. Mraba unatoka 1 kwenda 1.0201, umebadilika kwa 0.0201 tu. Sasa simama kwenye 1000, sogea 0.01 ile ile. Mraba unatoka 1,000,000 kwenda 1,000,020.0001, umebadilika kwa zaidi ya 20. Hatua ile ile, na kosa limekuwa karibu mara elfu moja. Hapo unaanza kuhisi kwamba ufunguo mmoja haupo. Lakini kuhisi hakutoshi, kwa sababu mtu anaweza kukwambia: basi chukua 0.00001. Inabidi uifunge milango yote kwa pamoja.

Uthibitisho ni huu. Tuseme tunaruhusu kosa la 1, na mtu anadai ana hatua h inayofaa kila mahali, iwe ndogo kiasi gani. Mimi nakwenda kusimama kwenye x = 1/h. Kutoka hapo nasogea nusu ya hatua yake, yaani h/2. Mraba umebadilika kwa xh + h²/4. Lakini xh ni 1, kwa sababu nilichagua mahali pangu kwa makusudi. Kwa hiyo badiliko ni 1 + h²/4, nalo limezidi 1. Hatua yake imeshindwa. Na kwa kuwa h ilikuwa yoyote, hakuna hatua itakayofaa. Basi, tumemaliza.

Angalia kilichofanyika. Hatukukokotoa kitu cha kutisha. Kufungua mabano ni kazi ya Kidato cha Pili. Akili yote iko kwenye kuchagua mahali pa kusimama baada ya mwenzako kutaja hatua yake, na ruhusa ya kufanya hivyo inatoka kwenye mpangilio wa maneno "kuna" na "kwa kila". Ukilielewa hili hadi likakaa mwilini, umevuka mto ambao wengi huuvuka chuoni kwa machozi.

Mimi niliuvuka kwa machozi. Jaribio langu la kwanza la uchambuzi nilipata 9 kati ya 30. Nilijaza kurasa nne za hesabu, safi, zimepangwa kama za ubaoni, na mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu pembeni ya karibu kila mstari neno lile lile: "Kwa nini?" Nilikaa na karatasi ile wiki nzima nikiona nimeonewa. Kisha nikajaribu kuyajibu yale "kwa nini", moja baada ya jingine, nikakuta mengi sina jibu. Nilikuwa nimezoea kuwaambia wanafunzi "hamisha huku, badili alama" kwa miaka sita, na nilikuwa nimejiambukiza mwenyewe.

Kwa hiyo zoezi lako la kila siku liwe hilo: chukua uthibitisho mmoja, funika, uandike upya kwa maneno yako, halafu pita na kalamu nyekundu ujiulize kwa nini kwenye kila mstari. Uthibitisho mmoja kwa siku. Zaidi ya hapo unajidanganya.

Hatua ya 4: Tafuta mtu wa kumweleza, na umweleze kwa Kiswahili

Mihadhara na mitihani ya uzamili ni kwa Kiingereza, hilo linajulikana, na lazima uweze kuandika kwa Kiingereza sahihi. Lakini kipimo changu cha kuelewa ni Kiswahili. Namba shufwa, witiri, tasa, kipeuo cha pili, kigawanyo: haya maneno tuliyapata shule ya msingi tukiwa bado tunafikiri kwa lugha tuliyolelewa nayo, kisha Kidato cha Kwanza tukayaweka kabatini. Yatoe. Mtu akiweza kuficha kutoelewa kwake, anaficha ndani ya lugha ya darasani. Ukikaa kibarazani Ngamiani na mwalimu mwenzako wa fizikia, mna kahawa na kashata, ukashindwa kumweleza kwa nini mfuatano fulani una kikomo, basi hujui, hata kama unaweza kuuandika.

Mimi nilikuwa na wawili: mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani, na mdogo wangu anayeuza vipuri vya baiskeli. Huyu wa pili ndiye aliyenisaidia zaidi, kwa sababu hakuwa na aibu ya kusema "Dada, hapo umeruka." Habari ya mlango na ufunguo niliipatia dukani kwake, nikijaribu kumweleza kitu kingine kabisa.

Jiunge pia na Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kama bado. Siku ya Pai, tarehe 14 Machi, hukutanisha walimu na wahadhiri, na mhadhiri uliyewahi kuzungumza naye uso kwa uso ana uwezekano mkubwa wa kujibu barua pepe yako baadaye.

Hatua ya 5: Chuo na hela

Huku unajiandaa, anza kutafuta nafasi. Chuo chochote utakachofikiria, hakikisha kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Na shahada ya nje ya nchi hupelekwa huko huko ikatathminiwe.

Kwa ndani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya hisabati kongwe kuliko zote nchini, na ni safari ya basi ya kilomita kama 350 kutoka stendi ya Kange. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007 na nacho kina uzamili wa hisabati. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha imejikita kwenye hisabati tumizi na sayansi ya ukokotoaji. Kama unataka modeli, itazame kwa makini. Programu hizi kwa kawaida ni za miaka miwili, au miezi 18 ukienda bila kukwama, mwaka wa kwanza kozi na wa pili tasnifu. Kwa asiyeweza kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kina vituo mikoani, Tanga kikiwemo. Nenda ukaulize kama programu unayoitaka inaendeshwa mwaka huo, usitegemee maneno ya mtu.

Kuna na milango ambayo walimu wa huku hawaijui, na inaniuma, kwa sababu inalipiwa. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ilianzia Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003 kwa juhudi za mwanafizikia Neil Turok, na mwaka 2014 ikafungua kituo hapa jirani, Bagamoyo. Siku hizi angalia vituo vyake vya nchi nyingine, kama Rwanda, Ghana na Senegal. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika, wahadhiri wanakuja kwa zamu za wiki chache chache, na ufadhili hugusa ada, chakula na malazi. Halafu kuna ICTP ya Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964. Kina stashahada ya mwaka mmoja ya hisabati kwa vijana wa nchi zinazoendelea, imefadhiliwa, na ingawa haiitwi uzamili, aliyeimaliza vizuri hupokelewa kwa mikono miwili kwingineko. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, nalo hufadhili watu kusoma hapa hapa Afrika Mashariki, katika vyuo linavyoshirikiana navyo.

Kote huko utaombwa barua mbili tatu za wadhamini wa kitaaluma. Usimtaje mhadhiri ambaye hakukumbuki. Mwandikie mapema, mkumbushe kozi aliyokufundisha, mwambatishie transkripti na ukurasa mmoja wa unachotaka kusoma, na mpe si chini ya mwezi mmoja. Aliyeombwa siku mbili kabla ya mwisho huandika barua ya siku mbili.

Kuhusu barua yako mwenyewe ya maombi, acha "tangu utotoni napenda hisabati". Kila mtu kaandika hivyo. Andika tatizo moja la hisabati lililokusumbua, ulivyolishughulikia na ulipokwama. Barua yangu iliyokubaliwa ilizungumzia maji ya bahari, nitakueleza mbele.

Hatua ya 6: Ruhusa ya mwajiri

Hii nitaipita haraka, maana kila halmashauri ina mpangilio wake. Kama umeajiriwa serikalini, kwanza uwe umethibitishwa kazini. Barua inapita kwa mkuu wa shule, inakwenda juu hadi kwa mkurugenzi, nawe unasubiri jibu la maandishi. La maandishi, tafadhali. Kuna mwenzetu aliahidiwa kwa mdomo kwamba "wewe nenda, mambo yatakaa sawa", akaenda, na mshahara ukasimamishwa kwa utoro wakati yuko muhula wa pili. Toa kopi ya kila kitu steshenari, kopi tatu, moja ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini. Anza mchakato huu mapema kuliko unavyodhani unahitaji. Mimi ulinichukua miezi minne.

Hatua ya 7: Jifunze LaTeX kabla hujaondoka

Tasnifu ya hisabati huandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kompyuta wa kupanga maandishi na fomula alioujenga Leslie Lamport miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth. Ni bure. Upakue wote kwenye kompyuta yako mara moja, maana ukitegemea ule wa mtandaoni, siku bando limekata na kazi imekata. Njia rahisi ya kujifunza ni kuanza kutungia mitihani yako ya shule humo. Mtihani wa kwanza utakuchukua siku nzima, wa tano saa mbili. Ongeza na Python au Octave, lugha za kompyuta za kukokotolea, nazo ni bure, ujue angalau kuchora grafu na kutatua milinganyo ya matriksi. Kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kabisa. Wanaokwambia ununue mpya ya bei mbaya hawajui unaenda kusoma nini.

Hatua ya 8: Mwaka wa kozi

Ukifika, wiki mbili za mwanzo zina thamani kuliko mwezi wa mwisho. Kila mhadhara urudie jioni ile ile, kabla ya kulala. Mazoezi yafanye peke yako kwanza, hata kama utakwama saa nzima, ndipo uende kwenye kikundi. Nimeviona vikundi ambavyo mmoja anatatua na sita wananakili, na siku ya mtihani mmoja anapasi na sita wanarudia, wanapata sapu, na sapu ya uzamili haina huruma kama ya shahada ya kwanza.

Umri usikusumbue. Utakaa na vijana waliotoka chuoni juzi, wana kasi kuliko wewe, mikono yao bado ina moto. Wewe una kitu wasichokuwa nacho: umezoea kueleza. Jitolee kuwasilisha mbele ya darasa kila ikitokea nafasi. Nami nilipoanza kusimama ubaoni ndipo alama zangu zilipopanda, kwa sababu ubaoni ndiko nilikojua kuona uongo wangu.

Hatua ya 9: Tasnifu

Mada nyingi za hisabati tumizi hapa kwetu ni za magonjwa: unagawa watu katika makundi, wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, waliopona, na kuandika milinganyo. Mfumo huo Kermack na McKendrick waliuchapisha mwaka 1927, na kabla yao Ronald Ross alikwishaonyesha kwa hesabu kwamba malaria inaweza kukomeshwa bila kumuua kila mbu. Inatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani. Ni hisabati nzuri na kwa mkoa wenye mabonde kama ya Muheza ina maana kubwa. Ila usichukue modeli ya mtu ukaongeza kundi moja ukaita yako. Swali la kwanza la watahini litakuwa: namba zako umezitoa wapi? Kama huna jibu, badilisha mada.

Ndiyo sababu mimi nawashawishi watu waangalie kwanza kinachopita mbele ya macho yao. Kwangu kilikuwa maji. Mvuvi yeyote wa Deep Sea hapa Tanga anajua bamvua na maji mafu: kuna siku bahari inajaa sana na kutoa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kuna siku katikati inasogea kidogo tu. Hisabati yake ni ya kupendeza. Mwezi unavuta maji kwa wimbi la saa 12.42, jua linavuta kwa wimbi la saa 12 kamili. Mawimbi mawili yenye vipindi vinavyokaribiana yakijumlishwa, mara yanasaidiana, mara yanapingana. Yanakutana tena baada ya kama siku 14.77, na hiyo ndiyo nafasi kati ya bamvua na bamvua.

Nilichomeka mti wenye alama za sentimita karibu na Raskazone, na kila nilipopata nafasi nikasoma kina na kuandika saa. Vipindi vya mawimbi unavijua. Usichokijua ni namba tano tu: kina cha wastani, na namba mbili mbili za ukubwa na wakati wa kilele cha kila wimbi. Vipimo vyangu vilikuwa zaidi ya 200, visivyojulikana vitano, na vipimo havikubaliani kikamilifu kwa sababu ya upepo na macho yangu. Hapo njia ya miraba midogo kabisa ndiyo inayoingia, yaani kutafuta namba zinazofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa: unapanga matriksi yenye safu wima tano, unaizidisha kwa pinduo lake (safu wima zikigeuzwa kuwa mistari), na unabaki na mfumo mdogo wa tano kwa tano ambao hata kwa mkono unatatulika. Kukosa vipimo vya usiku wa manane hakuharibu hesabu. Kinachoharibu ni kupima siku chache: mara ya kwanza nilipima siku 4, matriksi ikakataa, majibu yakaruka ovyo, kwa sababu ndani ya siku 4 wimbi la mwezi na la jua bado hayajatengana vya kutosha. Ukifikisha siku 15 yanatengana. Hilo sikulisoma mahali, nilikuta limeniziba njia, na mhadhiri niliyemweleza alikuja kuwa msimamizi wangu.

Msimamizi mchague kwa mambo mawili: anajibu, na anajua eneo hilo. Ukubwa wa jina uwe wa tatu. Uliza wanafunzi waliotangulia walimaliza kwa muda gani. Mkubaliane siku ya kukutana, kila wiki mbili kwa mfano, na uende na kurasa mkononi hata kama ni mbili. Ukikwama, nenda na maelezo ya ulipokwama. Wengi hujificha wakikwama, mwezi, miezi mitatu, na tasnifu nyingi hufia hapo.

Andika sura ya matokeo kwanza, ya utangulizi mwisho. Kila nadharia uliyoitumia taja umeitoa wapi. Programu za kukagua wizi wa maandiko hupitisha kila sentensi. Na weka nakala ya kazi sehemu tatu, mojawapo iwe nje ya chumba unacholala.

Ukishatetea, watahini watakupa orodha ya marekebisho. Kila mtu anatamani kupanda basi siku ile ile arudi nyumbani, na sisi wa Tanga tuna usemi wa waja leo waondoka leo, lakini hapa kaa. Yafanye marekebisho wiki hiyo hiyo, ukiwa bado unakumbuka walichomaanisha, msimamizi asaini, nakala zijalidiwe, zipokelewe, upewe risiti ya kuzipokea. Marekebisho ya siku tano yakibebwa hadi Tanga, kukiwa na vipindi 28 kwa wiki vinakusubiri, yanageuka ya mwaka.